Maswali ya Wasomaji: Huruma Inapotazama Rangi ya Ngozi

Barua tulizochagua kwa toleo hili zinazungumzia jambo moja kutoka pembe tofauti: kwa nini mateso ya vita yanayofanana huamsha kilio kikubwa yakimpata mtu mwenye sura fulani, na yakimpata mwenye sura nyingine hupokewa kwa kimya. Tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia. Katika mjadala darasani nilisema kwamba dunia iliwahurumia watu wa Ukraine kuliko inavyowahurumia watu wa Sudan na Kongo kwa sababu ya rangi yao. Mwanafunzi mmoja alinipinga kwa adabu, akasema kila mtu humlilia jirani yake kwanza, na kwamba Ulaya iliwapokea Waukraine kwa kuwa wako karibu, si kwa kuwa ni weupe. Hoja yake ina uzito, nami nataka kuijibu kwa ushahidi. Je, tunaweza kuitenganisha rangi na ujirani?

JIBU: Ndugu Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe, na anastahili jibu kamili. Ujirani una nguvu yake. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, Wapolandi wengi waliofungua milango ya nyumba zao walikuwa pia na kumbukumbu za wazazi walioishi chini ya kivuli cha Moscow, na serikali za Ulaya zilikuwa na hofu ya kweli juu ya usalama wa nchi zao. Anayedai kwamba kila lililotendeka lilitokana na rangi anakosea. Hata hivyo, ipo njia ya kuitenga rangi na sababu nyingine: tutafute mahali ambapo vita ni vilevile, siku ni zilezile na umbali ni uleule, kisha tuangalie ni nani aliyehurumiwa.

Mahali pa kwanza ni mpaka wa Ukraine yenyewe. Nchi hiyo ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya 70,000, na kwa upande wa Afrika waliotoka Nigeria, Morocco na Misri ndio waliokuwa wengi. Makombora yalipoanza kuanguka, vijana hao walikimbilia vituo vilevile vya treni na mipaka ileile pamoja na Waukraine. Wengi walieleza kwamba walizuiwa kupanda treni au mabasi, wakatengewa foleni yao, wakasubiri kwenye baridi kali huku wengine wakipitishwa mbele yao. Tarehe 28 Februari, Umoja wa Afrika ulitoa tamko kwa jina la Rais Macky Sall wa Senegal, aliyekuwa mwenyekiti wake, na Moussa Faki Mahamat wa Kamisheni, ukisema kwamba kuwatenga Waafrika namna hiyo ni ubaguzi wa rangi wa kushtusha na ni kuvunja sheria ya kimataifa. Hapa hoja ya ujirani haisimami, kwa kuwa vijana hao walikuwa majirani wa Waukraine kwa maana halisi kabisa: walisoma nao vyuo vilevile, walipanga nyumba mitaa ileile, na walikuwa wakikimbia makombora yaleyale.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi, na kwangu mimi ndio ulio wazi kuliko yote. Katika vita kati ya Uingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, vya mwaka 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilichoma mashamba na kuwakusanya raia kambini, Makaburu katika kambi zao na Waafrika katika kambi nyingine. Njaa na magonjwa yaliwaua watu katika kambi za aina zote mbili. Mwaka 1901 Mwingereza Emily Hobhouse alirudi London na ripoti ya yale aliyoyaona katika kambi za Makaburu. Umma ukachemka, wabunge wakaibana serikali, nayo ikalazimika kuunda tume ya wanawake iliyoongozwa na Millicent Fawcett. Tume hiyo ilizunguka kambi za weupe, ikakagua mahema, maji na mgao wa chakula, ikadai mabadiliko, na vifo vikapungua. Kambi za Waafrika haikuzikagua. Makaburu waliofia kambini walihesabiwa karibu 28,000, wengi wao wakiwa watoto. Kwa upande wa Waafrika, vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 14,000, na wanahistoria wanaamini kwamba idadi halisi ilifika angalau 20,000, kwa sababu kumbukumbu za kambi zao zilitunzwa vibaya. Jeshi lilikuwa lilelile, nchi ileile, miaka ileile, na kwa mtu aliyekuwa London umbali ulikuwa sawasawa. Hobhouse mwenyewe hakuwasahau: katika hotuba aliyoiandika kwa ajili ya kuzinduliwa kwa mnara wa kumbukumbu ya wanawake na watoto wa Kikaburu huko Bloemfontein mwaka 1913, aliwataka wasikilizaji wawakumbuke pia maelfu ya watu weusi waliofia kambini katika ugomvi usiokuwa wao. Mnara huo haukujengwa kwa ajili yao.

Wasomaji wa mashariki ya Kongo wana mfano wao. Tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa Kisangani, wakati huo ukiitwa Stanleyville, kutoka ndege za kijeshi za Marekani ili kuwaokoa Wazungu waliotekwa na waasi wa Simba. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalieleza kwa kina majina ya mateka, familia zao na kazi zao za umisionari, na waliouawa waliombolezwa kama ilivyostahili. Wakongo waliouawa kwa maelfu katika uasi huohuo, wengine na waasi, wengine na jeshi la serikali na mamluki wa kizungu waliokodiwa, walibaki umati usio na majina.

Miaka 30 baadaye, mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari ya Watutsi yalipoanza nchini Rwanda, ndege za Ufaransa na Ubelgiji zilitua Kigali kuwaondoa raia wa kigeni. Katika shule ya ufundi ya ETO, eneo la Kicukiro, watu wapatao 2,000 walikuwa wamejihifadhi chini ya ulinzi wa askari wa Ubelgiji waliovaa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa. Wazungu waliokuwamo walipandishwa magari wakaondolewa. Tarehe 11 Aprili askari nao wakaondoka, wauaji waliokuwa wakisubiri nje wakaingia, na wengi wa waliobaki wakaswagwa hadi kilima cha Nyanza, humohumo Kigali, na kuuawa. Kwenye karatasi kigezo kilikuwa uraia, lakini pale langoni hakuna aliyehitaji kufungua pasipoti ili ajue ni nani atakayeondoka.

Mwalimu, mweleze mwanafunzi wako kwamba tunasisitiza mifano hii kwa kuwa huruma haikai moyoni tu. Hugeuka kuwa nafasi kwenye gari, tume ya uchunguzi, au kibali cha kufanya kazi. Umoja wa Ulaya ulikuwa na sheria ya ulinzi wa muda tangu mwaka 2001, iliyotungwa baada ya vita vya Balkani kwa ajili ya watu wanaokimbia kwa wingi. Mwaka 2015 watu zaidi ya milioni moja walivuka bahari kuingia Ulaya, Wasyria wakiwa kundi kubwa kuliko yote, na sheria hiyo haikuguswa. Mwaka 2022 iliwashwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi, siku ya tisa ya vita. Waukraine wakapata haki ya kuishi, kufanya kazi na kusomesha watoto bila kupitia milolongo ya kuomba hifadhi, ilhali mwanafunzi wa Kiafrika aliyekuwa Ukraine kwa kibali cha muda hakuhakikishiwa ulinzi huo, na suala lake likaachiwa kila nchi iamue yenyewe. Denmark ilikuwa imepitisha sheria mwezi Januari 2016 inayoruhusu polisi kuwapekua waomba hifadhi na kuchukua fedha na vitu vya thamani vinavyozidi kroner 10,000, wakati Wasyria walipokuwa wakiwasili. Waukraine walipokuja, waliondolewa katika kifungu hicho. Hebu afikirie maafisa wa nchi moja, wenye meza moja, wakipekua mkoba wa mama mmoja kwa sababu ya vita alivyovikimbia, na kuuacha wa mwingine.

Kuna mpaka mmoja wa hoja hii ambao ni lazima ausikie pia. Weupe peke yake haumhakikishii mtu huruma. Waislamu wa Bosnia hawakuwa na ngozi tofauti na majirani zao, na bado mwezi Julai 1995, huko Srebrenica, wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa katika eneo ambalo Umoja wa Mataifa ulikuwa umelitangaza kuwa salama. Dini yao iliwafanya wengi Ulaya wawaone kuwa wa pembeni. Rangi hufanya kazi ikishikana na dini, lugha, mavazi na maslahi ya mataifa makubwa, na mara nyingi yenyewe ndiyo inayosomwa kwanza, kwa sababu huonekana kabla mtu hajafungua kinywa.

SWALI: Wiki ya kwanza ya vita vya Ukraine, watangazaji kadhaa walisema maneno yaliyotuumiza, kisha wakaomba radhi. Rafiki yangu anasema tuwasamehe, kwa kuwa ubongo wa binadamu umeumbwa kumhurumia anayefanana naye. Je, ni maumbile kweli?

JIBU: Kwa manufaa ya wasioyasikia, tuyarudie. Charlie D'Agata wa televisheni ya CBS, akiwa Kyiv, alisema kwamba hapo si mahali kama Iraq au Afghanistan ambako vita vimedumu kwa miongo mingi, bali ni mji uliostaarabika kwa kiasi na wa Kiulaya kwa kiasi, ambako mtu hatarajii jambo kama hilo. David Sakvarelidze, aliyewahi kuwa naibu mwendesha mashtaka mkuu wa Ukraine, aliiambia BBC kwamba jambo hilo linamgusa sana kwa kuwa anawaona Wazungu wenye macho ya buluu na nywele za dhahabu wakiuawa. Mtangazaji wa Al Jazeera ya Kiingereza alitazama mavazi ya waliokuwa wakikimbia, akasema wanafanana na familia yoyote ya Ulaya ambayo ungeishi nayo jirani. D'Agata aliomba radhi, na Al Jazeera pia.

Macho ya buluu kila mtu aliyasikia. Kinachonitia uchungu zaidi ni dhana iliyokuwa chini ya maneno yote hayo, kwamba kuna watu ambao vita ni kawaida yao, kana kwamba mama wa Kabul bomu likipasua dirisha lake hashtuki kwa kuwa amezoea. Hakuna anayezoea. Dhana hiyo ndiyo inayouondoa msiba katika habari, kwa sababu habari huhitaji jambo lisilotarajiwa, na mtu ambaye kifo chake kinatarajiwa hana nafasi katika ukurasa wa mbele. Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani na raia wa Ethiopia, alilisema waziwazi mwezi Aprili 2022 alipotilia shaka kama kweli dunia inayapa maisha ya weusi na ya weupe uzito sawa, na mwezi Agosti akarudia kwamba huenda sababu ya kimya juu ya vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ni rangi ya ngozi ya watu wake.

Sasa tuje kwenye maumbile. Rafiki yako ana sehemu ya ukweli. Mwaka 2009 watafiti wa China waliwaonyesha Wachina na Wazungu video za nyuso zikichomwa sindano, na sehemu ya ubongo inayohusika na kuhisi maumivu ya mwingine iliitikia kwa nguvu ndogo zaidi pale uso ulipokuwa wa mtu wa rangi nyingine. Mwaka uliofuata, watafiti nchini Italia walichapisha jaribio ambalo nalihesabu kuwa muhimu zaidi. Waliwaonyesha Waitalia weupe, na watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Italia, mkono ukichomwa sindano. Kwa kawaida, anayetazama hivyo, njia za neva zinazoelekea mkononi mwake hubadilika kana kwamba sindano inamjia yeye. Kwa mkono wa rangi yao, pande zote mbili ziliitikia hivyo. Kwa mkono wa rangi ya mwenzao, mwitikio huo haukuonekana. Kisha watafiti wakawaonyesha mkono uliopakwa rangi ya zambarau, ambao hakuna binadamu anao, na mwitikio ukarudi. Kama tatizo lingekuwa ni kutofanana tu, mkono wa zambarau ndio ungehurumiwa kidogo kuliko yote. Kilichozima huruma ni yale ambayo mtazamaji alikuwa amefundishwa kuhusu rangi hiyo, na waliokuwa na upendeleo wa rangi uliofichika ndani yao kwa kiwango kikubwa zaidi ndio walioonyesha tofauti kubwa zaidi.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, uliwachunguza Wachina waliolelewa katika nchi za Magharibi, na upungufu huo haukuonekana kwao. Kwa hiyo, msamehe mtangazaji ukipenda, lakini usimsamehe kwa hoja ya kuumbwa hivyo. Alifundishwa, na anaweza kufundishwa upya.

SWALI: Ndugu Mhariri, mbona mnasahau njaa ya vita vya Biafra huko Nigeria na njaa ya Ethiopia? Picha za watoto weusi zilichangisha fedha nyingi sana kutoka kwa Wazungu.

JIBU: Hatusahau, na waliotoa walitoa kwa moyo safi. Lakini tazama ni huruma ya namna gani waliyopewa. Mwezi Oktoba 1984, kamera ya Mkenya Mohamed Amin na sauti ya Michael Buerk wa BBC zilizipeleka sura za wenye njaa wa Korem, Ethiopia, katika mamilioni ya nyumba, na mwezi Julai mwaka uliofuata tamasha kubwa likafanyika London na Philadelphia. Watazamaji wengi walielewa kwamba mvua imegoma. Ukame ulikuwepo, ila wakati huohuo serikali ya kijeshi ya Derg ilikuwa vitani na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, ikiwanyima chakula watu wa maeneo hayo na kuwahamisha kwa nguvu. Waathirika wa vita wakageuzwa kuwa waathirika wa hali ya hewa. Wakapewa unga, hawakupewa swali ambalo kila mwathirika wa vita anastahili liulizwe kwa niaba yake: nani amenitendea haya, na atashtakiwa lini?

Halafu kuna suala la heshima. Mtoto mweusi katika picha hizo karibu kila mara hana jina, hana nguo, na nzi yuko machoni pake. Baada ya shambulio la kigaidi katika hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi mwezi Januari 2019, gazeti moja kubwa la Marekani lilichapisha picha ya miili ya waliouawa wakiwa bado mezani walipokuwa wameketi, na Wakenya wakauliza kwa hasira iwapo lingechapisha picha kama hiyo ya waliouawa katika jiji la Marekani. Huruma inayohitaji kukuona uchi au maiti kwanza haijakufikia kama mtu mzima mwenye haki.

SWALI: Mnawalaumu Wazungu, lakini sisi Waafrika tumefanya nini kwa ajili ya Sudan? Na mtu wa kawaida afanye nini?

JIBU: Swali lako ni la haki, na nalipokea bila kujitetea. Mwaka 1935, Italia ilipoivamia Ethiopia, watu weusi kutoka Afrika, Karibi na Marekani waliandamana na kuchanga fedha, na Jomo Kenyatta akiwa London alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha marafiki wa Ethiopia. Walimlilia anayefanana nao, na walikuwa sahihi kufanya hivyo. Vita vya Sudan vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 vimewang'oa watu zaidi ya milioni 10 makwao, na hakuna mwamko wa aina ile.

Tena, rangi imo ndani ya vita hivyo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kati ya watu 10,000 na 15,000 waliuawa mwaka 2023 katika mji mmoja tu wa El Geneina, Darfur Magharibi, wengi wao wakiwa Wamasalit, jamii ya Darfur isiyo ya Kiarabu, na walionusurika na kuvuka hadi Chad walisimulia kwamba wauaji waliwaita watumwa na kuwatukana kwa weusi wao. Mwafrika anayekasirikia foleni za mpaka wa Poland na kunyamazia El Geneina hajaikataa kanuni ya kupima mtu kwa ngozi. Ameikataa pale tu ilipomgusa yeye.

Kuhusu la kufanya, nakushauri kwanza usishiriki mashindano ya misiba. Kumnyang'anya Mukraine huruma hakumwongezei Mmasalit hata tone. Ukisambaza habari ya waliouawa, tafuta yenye majina na kazi zao, na yenye kumtaja aliyewaua, na picha ya maiti iache. Ukitoa fedha, fahamu kwamba mashirika mengi ya misaada hupokea michango iliyofungwa kwa janga fulani na michango isiyofungwa. Iliyofungwa hufuata kamera, na ndiyo maana mwezi Juni 2022, wakati Ukraine ikichangiwa kwa kasi, orodha ya Baraza la Wakimbizi la Norway ya majanga 10 ya ukimbizi yaliyopuuzwa zaidi kwa mwaka 2021 ilikuwa ya nchi za Afrika tupu kwa mara ya kwanza. Isiyofungwa humruhusu aliye kazini aipeleke penye pengo. Umoja wa Mataifa una mfuko wa dharura, CERF, ambao hutenga sehemu ya fedha zake mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya majanga yaliyokosa wafadhili, kwa kulinganisha mahitaji ya kila janga na kiasi kilichokwisha kupatikana. Mbunge wako anaweza kuuliza serikali yako inachangia kiasi gani humo, na wewe unaweza kumwandikia aulize.